Mpaka Thelathini

Mwaka jana tarehe ya ubaoni ilianza kushuka. Mimi Berthe, mwalimu wa darasa la tatu hapa Panda, Likasi, nina miaka kumi na tisa ya chaki, na siku zote nimeandika tarehe juu kabisa ya ubao, mahali ambapo hata mtoto wa benchi la mwisho haitafuti. Mwezi wa tano ilikuwa imeshuka kiganja kimoja. Mwezi wa kumi ilikuwa imefika katikati, na watoto wa nyuma walikuwa wakisimama ili waione. Niliwakaripia wakae. Ningewaambia nini? Kwamba bega la madame halipandi tena?

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi, maana nyumbani sikuwa na wa kumkaripia. Sidiria nilifungwa na mume wangu Cyrille, mtu anayepakia mawe ya chokaa kule Kakontwe, mwenye vidole ambavyo kwavyo kifungo kidogo ni adui. Kilemba alinifunga yeye pia. Nilikwenda misa kichwa kimefungwa kama mfuko wa saruji, na wanawake wakanitazama, nami nikawatazama mpaka wakaangalia altare.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema nimelalia mkono. Mwingine alisema ni upepo umeingia mfupani, nichuliwe na mawese ya moto. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa aliniuliza kwa sauti ya chini kama hakuna mtu niliyegombana naye. Nilimjibu kwamba kama kila niliyegombana naye angekamata kiungo kimoja, nisingebaki hata na kidole.

Daktari ndiye aliyenipa jina la ugonjwa. Kwa Kifaransa alisema ni bega lililoganda. Nilicheka mbele yake, kwa sababu barafu yenyewe hapa Panda tunaiona siku umeme ukikubali. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba ngozi ya ndani inayofunika kiungo imekuwa nene na kunywea, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto, na sasa imelishika bega. Alinichoma sindano, akanipa vidonge, tukangoja mpaka Pasaka. Bega halikuongeza hata upana wa kidole. Ndipo akasema operesheni.

Niseme wazi, niliogopa. Nimejifungua mara moja, nimeng'olewa meno matatu, lakini kulazwa na kupasuliwa nikiwa sijui lolote, hapana. Halafu daktari akanishtua zaidi. Alisema atapasua kidogo mbele ya bega, atakata ile ngozi iliyoshika, kisha nikiwa bado usingizini atauinua mkono wote kwa nguvu mpaka usikike ukiachia. Nilimwuliza usikike vipi. Akasema kama kitambaa kikichanika. Na hiyo, alisema, ndiyo sehemu rahisi. Baada ya hapo kwa wiki sita mkono ulazimishwe kila siku, na utauma kuliko kitu chochote ninachokijua. Nikiuhurumia utaganda tena, na ukiganda mara ya pili yeye hataugusa.

Tukapanga mwisho wa mwezi wa saba, ndani ya likizo. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa nilipaswa kusimama mbele ya watoto sitini na wawili na kuandika juu ya ubao. Mkurugenzi wetu alikwisha kuniambia, akitabasamu, kwamba mwalimu asiyefika juu ya ubao ampishe anayefika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwenzangu wa darasa la tano alipasuliwa tumbo, na kabla nyuzi hazijatolewa darasa lake lilikuwa na mwalimu mwingine. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Binti yetu Danielle, anayesoma Lubumbashi, hakujua. Kaka yangu Eugène wa Kambove hakujua. Majirani niliwaambia nakwenda Mulungwishi kwenye semina ya walimu. Tuliojua ni mimi, Cyrille na watu wa hospitali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuniumbua. Aliyeumbuka ni mume wangu.

Nilipozinduka kutoka kwenye nusukaputi, mkono ulikuwa na ganzi na nikamwambia Cyrille kwamba watu wanapenda kutia chumvi. Ganzi iliisha saa tisa mchana. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba nilimng'ata Cyrille kifundo cha mkono, na alama aliikuta bado ipo alipooga kesho yake.

Hapo hospitali kulikuwa na kiné, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, msichana mwembamba aitwaye Aimée. Alikuwepo Jumanne na Ijumaa tu, kwa hiyo siku nyingine kazi ilikuwa ya mume. Alimfundisha Cyrille mbele yangu. Mgonjwa alale chali sakafuni. Mkono mmoja ushike bega lisinyanyuke, mwingine uinue mkono wa mgonjwa kuelekea nyuma ya kichwa mpaka ugome. Ukigoma, usukume kidogo zaidi, ushikilie, uhesabu polepole mpaka thelathini. Ushushe, upumzike, urudie. Mara kumi. Siku ambayo mgongo wa kiganja utagusa saruji nyuma ya kichwa, alisema, ndiyo siku ambayo mkono umepona. Cyrille aliuliza afanye nini mgonjwa akilia. Aimée alimwambia ahesabu kwa sauti, ili asisikie.

Mnamjua mtu ambaye kuku wa Krismasi humpelekea jirani amchinje? Ndiye huyo Cyrille. Walimpa yeye kazi hiyo.

Alikuwa akiondoka kwenda Kakontwe saa kumi na mbili, basi tulianza saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa saba Likasi ni baridi, saruji ilikuwa baridi chini ya mkeka, na mchana nilijifunika shali bila mtu kuuliza kitu. Alfajiri ndiyo haikufunikika. Nilijiapiza siku ya kwanza kwamba nitauma kitambaa. Kitambaa kilidumu mpaka hesabu ya nne. Mimi ni mwalimu, sauti yangu imezoea kuvuka uwanja. Nilipiga kelele kwamba ananiua, aache, nimemkosea nini. Nilimwita majina ambayo sikujua kuwa nayajua. Naye akahesabu juu ya kelele zangu, kwa utulivu, machozi yakimdondokea kwenye ndevu: ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Kimya. Halafu moja.

Nyumba zetu ni zile za kambi ya zamani ya wafanyakazi, zimejengwa mbili mbili mgongo kwa mgongo. Ukuta wa katikati unaishia chini ya paa, na dari letu ni la mbao zilizochoka. Jirani akikohoa unamwambia pole. Upande wa pili walikaa Jean-Luc na mke wake Noëlla. Jean-Luc alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja mjini, akirudi asubuhi shati limenyooka, akisalimia kila mtu kwa jina. Sikuwahi kusikia sauti yake ikipanda. Mara nyingi nilimwambia Cyrille, anapoacha viatu vyake vya chokaa mlangoni, amtazame Jean-Luc. Noëlla alikuwa mama mdogo, mkimya, ambaye akikuletea sahani yako huiweka chini na kuondoka kabla hujamshukuru.

Siku ya kumi na nane mkono ulikuwa umefika usawa wa sikio, na nilianza kuamini. Cyrille alikuwa amefika ishirini na mbili, nami nilikuwa nikimwomba Bikira Maria anichukue, mlango ulipoanguka ndani. Haukufunguliwa. Ulianguka. Kaka yangu Eugène aliingia juu yake, nyuma yake mkubwa wa jumuiya, wanaume wengine wawili wa kambi, na Jean-Luc katika sare yake ya kazi. Noëlla alibaki nje. Eugène alimpiga Cyrille ngumi moja ya mdomo, na Cyrille, ambaye hubeba mawe ya kilo hamsini, alikaa chini na kushika mdomo wake kama mtoto.

Nilikuwa sakafuni, kitenge kimefungwa kifuani, bega wazi, kovu jekundu mbele yake. Nilimwona Eugène akiliona kovu. Uso wake ulibadilika rangi. Nilisema Cyrille hanipigi, ananitibu. Mkubwa wa jumuiya alinitazama kwa huruma ambayo ilinitia hasira kuliko ngumi.

"Banamuke bote banasemaka vile," Eugène alisema. "Hapana, bwana yangu hanipigake. Bote."

Niliwatumia hata methali, kwamba nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Wakanijibu kwamba hawakuhitaji kulala humo. Wiki mbili na nusu wamesikia kambi nzima. Mwanamke analia anauawa, na mwanaume anahesabu. Ndipo nikaelewa. Walidhani Cyrille anahesabu fimbo. Fimbo thelathini, mara kumi, kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini.

Nilidai karatasi ya hospitali iletwe kutoka kabatini. Eugène aliisoma akiwa amesimama, midomo ikimtembea. Imeandikwa bega limepasuliwa. Basi, alisema, ni nani aliyelivunja mpaka lipasuliwe? Na kwa nini ndugu hawakuambiwa, kama hakukuwa na cha kuficha? Uongo wangu wa Mulungwishi ulikuwa umekaa katikati ya chumba pamoja nasi, na kila mmoja aliuona. Jean-Luc aliinama, akamsaidia Cyrille kusimama, akampangusa vumbi begani.

"Muntu hapigake bibi yake, Papa Danielle," alimwambia taratibu. "Ni haya."

Damu ilimdondoka Cyrille kwenye shati la kazi.

Kaka mkubwa ana haki ya kumrudisha dada yake nyumbani mpaka mume aje na wazee wake waongee. Ndiyo desturi, na mwanamke wa mkono mmoja hashindani na desturi. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye taksi ya Kambove na begi langu, kambi nzima imesimama mlangoni, na wanawake wale wale waliotazama kilemba changu sasa wananifutia machozi.

Sikuwahi kupendwa kama nilivyopendwa Kambove, na sikuwahi kuchukia upendo kiasi kile. Tania, mke wa Eugène, aliufunga mkono wangu kifuani kwa kitenge kizuri ili upumzike. Alinilisha bukari, yaani ugali, kwa vidole vyake. Nilimweleza habari ya ngozi iliyonywea, wiki sita, sakafu, na yeye akasema ndiyo, yaya, ndiyo, kama anavyoitwa ndugu mkubwa, akakaza fundo. Waliamua kwamba kichwa changu kimeumia pia. Simu Eugène aliiweka kwake, nisije nikapigiwa na kudanganywa.

Nilijifungia chooni nikafungua kitenge nijaribu mwenyewe. Nilishika kiwiko kwa mkono mzima, nikavuta, maumivu yakaja, na mkono wa kuvuta ukaachia wenyewe. Nilijaribu tena, nikajitukana, nikajiita mwoga. Nilifika saba. Siku nyingine nilifika sita. Hapo niligundua jambo ambalo Aimée hakunifundisha: hakuna mtu anayeweza kujiumiza mwenyewe mpaka thelathini. Lazima awe mtu mwingine, na lazima akupende, au akuchukie.

Siku ya pili Cyrille alikuja peke yake, akarudishwa getini aende akalete wazee. Wazee wake wako Kamina. Siku ya tisa alirudi, na badala ya wazee alimleta Aimée, na blauzi yake nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki. Yule msichana aliomba mkeka. Hakubishana na mtu. Alivaa blauzi, akanilaza uani mbele ya Eugène, Tania na majirani wao, akashika bega, akainua mkono wangu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nami nikapiga kelele zile zile. Kwamba ananiua. Kwamba aache. Kwamba nimemkosea nini.

Alipofika kumi na tano Eugène alikuwa ameshika kichwa. Alipofika thelathini alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya nyumba. Alirudi, mtu wa miaka hamsini na saba, akapiga magoti mbele ya Cyrille, na hakuna aliyejua pa kutazama. Cyrille alimwinua. Alisema imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Aimée alipima mkono, na sura yake ikaniambia kabla hajasema. Siku tisa za kitenge kizuri zilikuwa zimerudisha mkono usawa wa kifua. Zimebaki wiki mbili shule ifunguliwe, alisema, inawezekana, kwa shida, kama tukianza kesho na tusikose hata siku moja.

Kesho yake alfajiri nililala sakafuni, mlango mpya ukinukia mbao mbichi. Cyrille alipiga magoti, akashika bega, akashika kiwiko. Alisema moja. Alisema mbili. Halafu akaviweka viganja vyake mapajani na kuvitazama.

"Berthe, minye siwezi tena," alisema. "Mikono inakatala."

Nilimkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo leo nayaonea aibu, kwamba alikuwa na mikono ya kunioa lakini hana ya kuniponya. Baadaye alinieleza kwamba kule Kakontwe walikuwa wakimwita jina, hata baada ya ukweli kujulikana, na lilikuwa jina la kuchekesha, Papa Trente, Baba Thelathini. Wote walicheka. Kila alipoanza kuhesabu mawe kwenye lori mtu alipiga kelele za kike. Alikuwa ameacha kuhesabu kwa sauti kabisa.

Aliyetuokoa ni Jean-Luc, nilidhani hivyo. Alisimama mlangoni jioni ile, akaomba samahani kwa siku ile kwa maneno mazuri, kisha akasema kama ni kazi ya mikono, mke wake Noëlla ana mikono ya nguvu na hana kazi asubuhi. Nililia kwa shukrani. Nilimwambia Cyrille, si unaona jirani.

Noëlla alikuja kesho yake. Aimée alimfundisha mara moja tu. Sijui niseme vipi: alikuwa na kipaji. Hakuharakisha, hakuhurumia, hakusema pole. Alijua mahali maumivu yanapoanza na mahali yanapokaribia kuvunja mtu, na alipita katikati kama mtu anayeijua njia kwa miguu mitupu. Nilipiga kelele, yeye akahesabu kwa sauti ndogo, akitazama ukuta. Siku baada ya siku mkono ulipanda. Sikio. Paji la uso. Nywele. Ijumaa Aimée alipima akasema bado upana wa kiganja kati ya mkono na saruji, na Jumatatu shule inafunguliwa.

Jumamosi tulikuwa wawili tu. Cyrille alikuwa kazini. Upande wa pili wa ukuta Jean-Luc alikuwa amelala baada ya zamu yake. Tulifanya mara nane, na kiganja kile kilikuwa bado kiganja, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubali kwamba nitaandika katikati ya ubao mpaka wanifukuze. Wakati wa kupumzika, ili nisifikiri juu ya mara ya tisa, nilianza kuongea. Nilimwuliza ni nani hasa aliyempigia Eugène simu siku ile, maana kambi nzima ilikuwa ikirushiana mpira.

Alisema ni yeye. Namba nilimpa mwenyewe zamani, kwa ajili ya matatizo.

Sikumkasirikia. Nilicheka. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba akili ya watu ni ya ajabu. Mtu akisikia kuhesabu, si afikirie shule? Afikirie michezo, dawa, mtoto anayejifunza namba? Kwa nini yeye alisikia fimbo?

Noëlla alishika bega langu, akashika kiwiko, akaanza kuinua.

"Sababu wa kwangu njo anafanyaka vile, Mama Danielle," alisema. "Anahesabu."

Mkono ulifika mahali pake pa kugoma. Akasema moja. Akasema mbili.

Nilimtazama uso wake ukiwa juu yangu, umepinduka, kidevu juu na macho chini. Nilisema hapana. Nilisema ukuta ni ule, dari ni lile, miaka sita, na sisi tunasikia hata kikombe kikianguka kwenu. Hatujawahi kukusikia hata siku moja. Niliyasema haya nikitaka akubali kwamba amekosea kusema.

"Minye siliake," alisema. "Nikilia, anaanza tena kwa moja."

Na akaendelea, tisa, kumi, kumi na moja, kwa ile sauti ndogo, macho ukutani. Niliona shati lililonyooka. Niliona mkono wa Jean-Luc ukipangusa vumbi kwenye bega la mume wangu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, miaka sita, ikimwambia Cyrille amtazame jirani. Niliyapiga makelele yangu alfajiri kumi na nane, kwa maumivu ya kuniponya, na kambi nzima ikavunja mlango. Huyu aliyapiga kimya, umbali wa tofali moja kutoka kwenye mto wangu.

Noëlla alifika thelathini. Kisha akaniambia nitazame. Sikujua nitazame nini. Mgongo wa kiganja changu ulikuwa umelala juu ya saruji, nyuma ya kichwa, baridi ya sakafu ikiingia kwenye vidole, na sikuwa nimesikia maumivu wala sikuwa nimelia. Nilikuwa nimesahau kuugomea. Kwa wiki sita nilikuwa nimeingoja saa hiyo, na ilipokuja sikuweza kuifurahia hata kidogo.

Nilikaa. Nilimwuliza taratibu kama anataka nimwite mtu. Nyuma ya ukuta kitanda cha Jean-Luc kililia, alikuwa akigeuka. Noëlla alitoa simu yake kutoka kwenye mkunjo wa kitenge, akatafuta kitu kwa kidole gumba, akanipa. Ilikuwa namba ya Eugène.

Nilitoka nayo uani, mbali na madirisha. Eugène alipokea haraka, kwa sauti ya mtu ambaye bado anaona aibu, akaniuliza kama mkono unaendelea vizuri.

"Yaya, kuya na bale bantu ba siku ile," nilimwambia. "Leo ni mulango ya Jean-Luc. Na musingoje kusikia kelele. Huyu haliake."